Sarafu Kwenye Soksi ya Fideli

Ilikuwa saa tisa na robo alasiri, siku ya Alhamisi, Mama Odeta alipoishusha soksi ya mdogo wangu ili anisaidie kutoa sarafu. Saa yenyewe sikosei, kwa kuwa kila siku nilifika sokoni saa hiyo hiyo, kwa sababu nitakazoeleza. Lakini kinachonirudisha pale ni harufu. Siku hizi naishi Kinyinya, na mafundi wanaojenga kwenye kiwanja cha jirani husonga ugali wa muhogo kila mchana, sufuria juu ya matofali matatu. Ile harufu ya kuchachuka, kama nguo iliyosahauliwa majini, ikivuka ukuta, mimi hufunga dirisha.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumerudi nchini kwetu kutoka Karagwe, mama, mimi na Fideli aliyekuwa na miaka miwili. Baba alibaki nyuma kuuza ng'ombe wa mwisho, na mpaka leo sijui alimpata mnunuzi gani wa kumchukua miaka yote hii. Tulipanga chumba kimoja Remera. Mama aliosha vyombo katika mkahawa mmoja wa Gisimenti. Alitoka kabla hapajapambazuka, akarudi koroboi imeshawashwa, na chakula alikula huko huko. Mimi nilitolewa shule ili nimlee Fideli. Kila asubuhi niliachiwa faranga mia mbili chini ya kikombe.

"Unachobakiza ni cha shule yako," mama aliniambia. "Kikitosha, muhula ujao unarudi."

Sijapata kupewa hesabu iliyo wazi kuliko hiyo.

Kabla ya kununua chochote nilikaa siku tatu nikilitazama soko. Asubuhi nyanya zilikuwa na bei ya wenye haraka, jioni bei ya watokao kazini. Katikati, saa tisa na robo, wauzaji walisinzia na nyanya zilianza kulainika. Nilishika mkononi zile sarafu tu nilizokusudia kuzitoa, ili muuzaji aone nimefika mwisho wa uwezo wangu. Nyingine nilizificha kwenye soksi ya Fideli, kwani nani atamkagua mtoto aliye mgongoni? Nyanya zilizopasuka nilizichukua kwa nusu bei, nikakata penye ufa. Na nilinunua kwa mtu mmoja tu, Mama Odeta, mwanamke mnene aliyekulia Bujumbura, ili niwe mukiriya wake, mteja wa kudumu mwenye haki ya kudai nyongeza.

"Shefu wa mahesabu amefika!" aliwatangazia wenzake kila aliponiona. "Mufiche nyanya zenu!"

"Niongezee kimoja, mama."

"Tena? Wewe, siku utaolewa, uyo bwana atakula chumvi ya kuhesabiwa."

Wote walicheka, na kiazi kikaingia kikapuni.

Jambo nililojivunia zaidi lilikuwa maharage. Niliyapima kwa makopo ya mkaa. Chungu cha maharage kilimaliza makopo mawili, ugali wa muhogo haukumaliza hata nusu kopo. Nikayaacha maharage. Wiki iliyofuata nikaacha dagaa, kwa sababu fungu lilikuwa dogo na liliisha kwa mlo mmoja. Tukabaki na ugali na mchuzi wa nyanya, na viazi kila vilipoongezwa. Nilipomweleza mama hesabu hiyo, alinisikiliza amefumba macho, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Una akili kunizidi," akasema. Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Halafu Fideli akanenepa. Mashavu yalijaa, miguu ikawa ya duara kama ya watoto wanaochorwa kwenye makopo ya maziwa. Mama alimtazama kwa mwanga wa koroboi akafurahi. Nywele za Fideli zilikuwa zimepauka mpaka rangi ya kutu, nikalisingizia jua la sokoni. Aliacha kucheza. Akawa mtoto rahisi kubeba, asiyelia, asiyeomba kitu. Soksi tu ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu kila siku ilizidi kumbana na sarafu zilikuwa ngumu kutoka.

Ndivyo ilivyokuwa Alhamisi ile. Nilivuta, soksi ikakataa. Mama Odeta akainuka kwenye gunia lake akicheka, akaishusha yeye. Sarafu ikaanguka, lakini umbo lake likabaki juu ya kifundo cha mguu: duara kamili, lenye ukingo, limezama kwenye nyama. Tulingoja ngozi irudi. Haikurudi. Akabonyeza kwa kidole gumba pembeni yake, na hapo pia pakabaki shimo. Hakuna aliyecheka tena.

"Uyu mutoto anakula nini?"

"Anakula vizuri. Si unaona alivyonenepa?"

"Uku si kunenepa, mwanangu. Ni bwaki, ugonjwa wa kuvimba. Mwambie mama yako amupeleke hospitali. Leo. Umesikia? Leo."

Akafunga dagaa kwenye karatasi, akazikataa sarafu zangu. "Na usirudi apa na uyu mugongoni. Rudi na mama yako."

Kuhusu hospitali nilijua jambo moja tu, kwamba hulipwa kwanza. Na chini ya kitanda chetu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, palikuwa na muhula wangu wa shule. Njiani nilijiambia kwamba Mama Odeta amechoshwa na nyongeza zangu, ananifukuza kwa ujanja. Nusu yangu iliamini. Dagaa niliwapika, Fideli akageuza mdomo pembeni, nikawala mimi. Mama aliporudi aliniuliza soko lilikuwaje.

"Nyanya zimepanda bei," nilisema.

Kesho yake nilihamia kwa msichana aliyeuzia upande wa lango, ambaye hakutujua. Miguu ya Fideli niliifunika kwa kitenge.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, alfajiri, ngozi ya mapaja yake ilianza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Mama alimbeba akakimbia. Kopo lilifunguliwa. Gharama ya kumlaza haikufika hata nusu ya kilichokuwamo. Kilichobaki kilinunua mbao, kwa maana alilala huko siku mbili tu.

Msibani mama alinionyesha kwa watu. "Huyu ndiye aliyenisaidia," alisema. "Bila pesa alizobakiza, tungemzika na nini?" Mama Odeta alikuwapo. Aliushika mkono wangu muda mrefu, akanitazama, akaondoka bila kumwambia mama neno. Hata sasa sijui kama alinisitiri au alinihukumu.

Shule sikurudi. Nilichokijua baadaye nimejisomea mwenyewe, katika vitabu vilivyotumika vinavyouzwa kando ya barabara. Katika kimojawapo, kijitabu cha afya kisicho na jalada, nilikuta mchoro wa mguu wa mtoto wenye shimo la kidole. Niliusoma ukurasa ule nimesimama. Ulisema kwamba njaa nyingine huvimbisha, na kwamba mtoto aliyetoka kunyonya akilishwa muhogo mtupu hujaa maji. Ulisema apewe maharage. Ulisema apewe dagaa.

Hilo nilikuwa silijui, na mtoto wa miaka kumi anaweza kusamehewa asilolijua. Lakini neno "leo" nililielewa tangu saa ile lilipotamkwa. Kutoka Alhamisi hiyo mpaka Alhamisi iliyofuata ni siku nane, na safari saba za sokoni, kwa kuwa Jumapili sikwenda. Mara tano nilibakiza faranga ishirini, mara mbili arobaini. Niliokoa faranga mia moja na themanini.