Mrashi wa Mama

Mwaka nilioposwa, Bibi yangu mzaa mama alinipeleka mnadani nikachague kioo cha chumba changu. Majirani walimlaumu, maana mwali hatembezwi ovyo harusi ikikaribia. Yeye aliwajibu kwamba atakayejitazama kwenye kioo hicho kila asubuhi ndiye wa kukichagua. Akanivika buibui lake la zamani, akanifunika mpaka nikabaki macho tu, na baada ya chai tukashika njia ya mjini, Chake Chake.

Mnada ule wa vikuukuu ulikuwa ukifanywa kila baada ya mavuno ya karafuu, watu wakiwa na chochote mkononi. Wenyewe tuliuita mnada, ingawa madalali walikuwa wawili watatu tu. Waliobaki walitandika majamvi yao uwanjani na kuuza kwa kupatana. Kulikuwa na masinia ya shaba, birika zilizopinda midomo, sahani za kale za maua ya buluu ambazo watu walikuwa wakizitundika ukutani, saa zilizosimama, vitanda vya miguu ya kuchonga vilivyofunguliwa na kufungwa kamba kama mizigo ya kuni. Sikuwahi kuona vitu vingi namna ile vya ndani ya nyumba vikiwa juani.

Bibi alikuwa na raha siku ile. Alipita jamvi kwa jamvi akigonga masinia kwa kidole na kusikiliza mlio wake, akinifundisha kupambanua shaba nzito na ile ya kuchovya juu tu. Kioo tulikipata mapema, cha fremu ya mti mweusi, kimeingia madoa pembeni tu. Tukawa tunatafuta sahani.

Hapo ndipo alipouona mrashi.

Niseme kwanza habari ya Mama. Alifariki nikiwa na miaka miwili, nami nikalelewa na Bibi. Baba alibaki shamba kwake, Wawi, akaoa mke mwengine. Vitu vya Mama vilitiwa kwenye kasha lake vikabaki kwa Baba, naye aliahidi matangani kwamba havitaguswa mpaka siku nitakapoolewa. Bibi alinisimulia vitu hivyo tangu nikiwa mdogo: mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi, kijaluba cha kutilia tambuu, vipuli, doti sita za kanga ambazo Mama hakuwahi kuzivaa. Sura ya Mama siikumbuki. Nilichokuwa nacho ni vitu vile ambavyo nilikuwa sijaviona, na kila Bibi alipovitaja nilihisi nimekaa karibu na Mama.

Mrashi ulikuwa umelazwa baina ya chetezo na kandili isiyo na kioo. Bibi aliunyanyua, akaugeuza, akapitisha kidole shingoni pake. Palikuwa na alama ya lihamu, pana kama ukucha. Mama aliuangusha akiwa msichana, na Bibi mwenyewe aliupeleka kwa sonara ukaungwa. Hadithi hiyo nilikuwa naijua, kwa hiyo hakuhitaji kuniambia kitu. Nilimwona tu anavyoushika.

Aliuliza, kwa sauti yake ya kawaida, umetoka wapi. Muuzaji, mtu mzima mpole, alisema aliununua mwaka uliotangulia kwa mzee mmoja wa Wawi, pamoja na vipuli na kijaluba, ila hivyo vilishauzika.

"Ni kitu kizuri, Bi Mkubwa," alisema. "Mchukulie mwali wako."

Bibi aliurudisha mahali pake taratibu, akauelekeza kama alivyoukuta. Akamshukuru, tukaondoka.

Nilidhani tunarudi nyumbani. Badala yake alinishika mkono, tukaanza upya, tangu jamvi la kwanza. Hakugonga tena masinia. Alikuwa akiinama kwenye kila rundo la vitu vidogo, akipekua vipuli, akifungua vijaluba na kuvifunga, akigeuza pindo za kanga. Jua lilipanda, jasho likanitoka ndani ya buibui, na kioo nilichokibeba kikawa kizito. Sahani tulizisahau. Hakupata kitu. Tulipomaliza uwanja wote alisimama kidogo, kisha akasema, "Twende tukauchukue."

Tukakuta pahala patupu. Muuzaji alisema mrashi umekwenda na mwanamke mmoja wa Micheweni, ana mtoto wa kumwoza naye. Bibi alimwambia inshallah utamfaa.

Tulipokaribia kwetu alipunguza mwendo.

"Niliona haya kununua kitu cha mwanangu," alisema. "Nimefanya ujinga." Halafu akaniambia nisimwambie Baba kwamba tumeuona, si leo wala siku nyengine maadamu yeye Bibi yu hai. Nikamuahidi.

Siku tatu kabla ya harusi Baba alileta kasha kwa gari la ng'ombe. Alilifungua mbele yetu. Ndani mlikuwa na kanga mpya, udi, na bakuli mbili za udongo. Akasema, bila kututazama, kwamba vya zamani viliingiliwa na mchwa vikaharibika. Nilimtazama Bibi. Alizipapasa zile kanga mpya moja moja, akasema, "Alhamdulillahi, baba. Kasha limefika." Kisha akaenda kumtilia chai. Usiku wa harusi yangu alininyunyizia marashi kwa chupa.

Bibi alifariki nilipokuwa na mtoto wa pili. Baada ya arubaini yake Baba alikuja kwangu asubuhi moja, akakaa barazani, akakataa kula. Aliniambia kwamba kasha hakulifungua mchwa. Alilifungua yeye, mwaka ambao karafuu hazikuzaa na mtoto wake mdogo wa kwa mama wa kambo aliumwa. Aliuza kimoja kimoja, akimpeleka mtoto hospitali na kwa waganga, na mtoto hakupona. Mwaka wa harusi yangu alirudi kwa aliowauzia, hakukipata hata kimoja.

Mdogo wangu yule nilimkumbuka. Alikuwa akinikimbilia kila nilipokwenda Wawi. Hasira niliyoitunza miaka ile yote niliitafuta, nikaona haina pa kukaa.

"Namshukuru Mungu bibi yako hakujua," Baba alisema.

Ningeweza kunyamaza. Bibi hakuwapo tena, na ahadi yangu ilikuwa imekwisha. Nilifikiri Baba ana haki ya kujua jinsi alivyostiriwa.

"Alijua, Baba," nikamwambia. "Tuliuona mrashi mnadani, siku zile zile."

Alikaa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, nikaona machozi yanaingia kwenye ndevu zake, naye hayafuti. Mpaka leo sijui kama nilimtendea wema au nilimwonea. Ilipoadhiniwa adhuhuri aliomba maji ya kutawadha, akaswali pale pale barazani, akaniaga, akaenda zake Wawi kwa miguu.