Jongo la Ndugu Afisa

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya zahanati hapa Ng'ambo, akaingia kijana mmoja, yule afisa anayezunguka vijijini kuhimiza watu wafunge mikanda, wabane matumizi. Mguu mmoja kiatu, wa pili kandambili, kidole gumba kimeiva kama nyanya. Akatupita sote, moja kwa moja hadi kwa mganga. Mlango ukabaki wazi.

"Hili ni jongo," mganga akamwambia. "Unakula nini?"

"Wananchi wananikirimu. Kila kijiji nikifika nachinjiwa mbuzi. Maini na figo huwa ya mgeni, halafu pombe ya asali."

"Acha vyote. Kula ugali kwa mlenda, unywe maji mengi."

Kijana akang'aka. "Mganga, hicho si chakula cha wanakijiji?"

"Umewahi kumwona mwanakijiji mwenye jongo?"

Alipotoka akichechemea, bibi mmoja wa kijiji cha Kwihara akamshika mkono, akakitazama kile kidole kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Hata sisi ugonjwa huo umetutesa sana. Umetumalizia mbuzi."

Foleni nzima tukashikwa na kikohozi. Na mimi nilikwenda pale kwa ajili ya jino.