Breka Isiyozima

Fundi wetu wa umeme hana haraka na mtu. Waya huumenya kwa meno, kisha huiviringisha shaba kati ya vidole viwili huku amefumba macho, kama anayesikiliza. Siku ile shangazi, akipiga pasi, alimwita aongeze soketi. "Breka yangu ni kubwa, haijawahi kuzima umeme hata siku moja," alijisifu. Fundi akatazama breka, akatazama waya, akarudi kwenye breka. "Mama, breka kubwa hivi kwenye waya mwembamba wa taa?" Mimi nilitoka kapa. Akaupapasa ukuta kwa kiganja kizima, polepole, akiufuata waya uliopita ndani yake, mpaka chumbani kwangu, akavuta kitanda changu katikati ya chumba bila hata kuniomba. Kisha akafunga breka ndogo.

Shangazi alipowasha pasi na birika la umeme pamoja, vyote vikazima papo hapo. Fundi akacheka kwa furaha.

"Umeniharibia nyumba!"

"Breka inalinda waya, mama, si pasi."

Fundi gani hufurahia umeme kukatika? Alipoondoka nilikirudisha kitanda kwa hasira, mkono ukagusa pale ninapolaza kichwa. Ukuta ulikuwa bado wa moto.