Sahani ya Bi Harusi Kutoka Bombay

Wageni wakiingia kwangu wanashangaa. Mbona ukutani hakuna hata sahani moja? Nyumba ya mwanamke wa Kiislamu wa Gisenyi, fundi wa cherehani mwenye wateja wake, na kuta tupu kama za ghala! Nawaambia mimi na sahani za ukutani tulishamalizana. Wakitaka kucheka, wacheke.

Miaka ile ya hamsini mtaani kwetu kulikuwa na desturi ambayo mama zetu waliishika kuliko sala ya alfajiri, Mungu anisamehe. Bi harusi haendi kwa mume mikono mitupu. Anakwenda na sahani moja kubwa ya kauri, ya kale, iliyochorwa kwa mkono, kutoka ng'ambo, itundikwe ukutani kwa wakwe ionwe na kila anayeingia. Sanduku lake likishafika kwa bi harusi linafunikwa kitambaa cheupe, na hakuna mkono wa nyumba hiyo utakaogusa msumari wake. Wa kulifungua ni shangazi wa bwana harusi, siku yenyewe, kabla ndoa haijafungwa, mbele ya wanawake wote. Kuchungulia kabla ya hapo ni kuiba baraka. Ndivyo tulivyofundishwa.

Mchumba wangu alikuwa dereva wa lori, kwao Bukavu. Nilimpenda. Nasema wazi, nimeshazeeka, nani atanifanya nini? Akipita barabara yetu na magunia yake ya kahawa alipiga honi, na mimi ndani nikajichoma sindano. Lakini kwao walikuwa watu wa majivuno. Babu zao walitoka Ujiji na misafara, basi sisi wengine wote tulikuwa washamba. Shangazi yake ndiye aliyekuja kuposa. Alikaa sebuleni kwetu, akakagua ukuta mmoja mmoja, akasema, "Bon. Sahani itatuonyesha kama hapa iko watu."

Baba, mshonaji wa kanzu, alikwenda kwa Muhindi mwenye duka, ambaye binamu yake aliuza vitu vya kale huko Bombay. Sahani ikaagizwa: ya buluu, yenye mto na ndege wawili. Ilikuja kwa meli mpaka Dar es Salaam, kwa treni mpaka Kigoma, kwa meli tena mpaka Usumbura, kwa lori katika ile barabara ya milima mpaka Bukavu, halafu kwa boti ya ziwani mpaka kwetu. Hata mtu mzima mwenye mifupa iliyokomaa angefika ameteguka. Muhindi alimwonya baba mapema: "Muzigo ikifika, fungua pale pale gatini, karani anaona. Kama imevunjika, usiweke dole kwenye karatasi yake. Muuzaji atatuma ingine. Ukishaweka dole, basi, ni yako."

Baba aliyaleta maneno hayo nyumbani kama yalivyo. Mama akamkata kauli.

"We uko na akili? Ufungue sanduku ya mutoto wako gatini, mbele ya wauza samaki?"

Baba akarudi kwenye kanzu zake. Mambo ya harusi ni ya wanawake, na yeye alikuwa mtu wa kupenda amani kupita kiasi.

Siku ya boti tulikwenda gatini sote watatu. Sanduku lilikuwa zuri, la mbao nene, limekazwa kwa mabati kwenye pembe. Mchukuzi akalitia kichwani, na ndani yake kitu kikalia. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama vikombe vinapogusana kwenye sinia. Nikamshika mama mkono.

"Mama, imelia."

"Ni misumari," akasema, bila kunitazama.

Karani alikuwa na haraka zake. Baba akamtazama mama, mama akatazama ziwa, na baba akaweka dole.

Sanduku likakaa chumbani kwangu chini ya kitambaa chake mpaka harusi. Kila asubuhi mama alikuja kulipangusa vumbi, polepole, kama mtu anayempangusa mgonjwa. Hakuna aliyelitikisa, na hakuna aliyesema neno. Nafikiri hata paka alijua. Lakini ungesema nini? Kusema ni kukiri kwamba umesikiliza, na kusikiliza nako ni kuchungulia kwa sikio. Basi tukashona nguo, tukachagua mchele, tukapaka hina, na lile dubwana liko pale pembeni linatusikiliza sisi.

Siku ikafika. Wanawake wa Bukavu walijaa sebuleni na mafuta yao ya kunukia. Shangazi akang'oa misumari mmoja mmoja huku vigelegele vikipanda. Akatoa nyasi kavu. Akatoa maranda ya mbao. Halafu akatoa kipande, na kipande kingine. Ndege mmoja huku, mwenzake kule. Vigelegele vikakatika.

"Ayiwe!" akasema mtu kwa nyuma.

Shangazi hakupiga kelele, na hicho ndicho nilichomchukia zaidi. Alivipanga vipande juu ya kile kitambaa cheupe, taratibu kabisa, akasimama.

"Mungu ameonyesha," akasema. "Hatuchukue."

Wakaondoka, pilau ikiwa bado jikoni. Lori likapita barabara yetu na halikupiga honi. Mwanaume mzima, mwenye ndevu, anayepita na lori kwenye makorongo ya Kivu usiku na mvua, akamwogopa shangazi yake! Nililia mpaka hina ikanichafua uso. Baada ya hapo walikuja wachumba wengine, lakini kila mmoja akishasikia habari ya sahani, hapiti tena hata njia yetu. Watoto wa mtaani waliniita Bi Vipande. Nikajifunza cherehani ya baba, nikashona nguo za maharusi wa wenzangu.

Miaka ikapita. Siku moja ikaletwa habari kwamba yule shangazi anaumwa, hatapona, na anaomba radhi yangu. Nilitaka kukataa. Lakini mgonjwa akikuomba radhi ukamnyima, akifa deni linabaki shingoni mwako. Nikapanda boti.

Nilimkuta amekonda, amelala chini ya ukuta wao mashuhuri, wa sahani za wake walioolewa pale. Sahani zimejaa mpaka karibu na dari, zinametameta. Hakunisalimu hata vizuri.

"Panda kiti, mutoto wangu," akasema. "Guza."

Nikapanda. Kwa karibu nikaona mistari ya kahawia ikipita katikati ya maua na samaki. Nikapitisha kidole: gundi. Nikagusa ya pili: gundi. Akanionyesha kwa kidole ya mke aliyemwoa dereva wangu baadaye: ilikuwa na gundi mpaka ukingoni.

"Hakuna yenye ilifika muzima," akasema. "Hata yangu. Kila mama anafungua kwa siri, anabandika, anarudisha misumari. Siku ile mi nilikaa pale nangoja kuona gundi, niisifu. Mama yako akaniletea vipande!"

"Ulijua, na bado ukaniacha?"

"Wanawake wote walikuwa wanaangalia. Ningewasamehe ninyi, wangeanza kuulizana za kwao."

Nilimpa radhi kwa mdomo. Ya moyoni sikumpa, na sasa ameshakufa. Tutaonana huko huko.

Nilirudi nyumbani nimebeba hasira njia nzima. Nikamkuta mama mkekani, anachambua maharage ya shamba kutoka Kanama. Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama, mtandio kichwani. "Zote ni gundi, mama! Zote!"

Hakushtuka. Alitoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa nje.

"Nilisikia," akasema. "Ile siku gatini, nilisikia kama we."

"Na hukufungua? Gundi ilikuwa dukani kwa Muhindi!"

"Ilikuwa. Lakini ningefungua, ungeolewa na uongo."

"Ningeolewa, mama."

Alivuta ungo karibu, akaendelea kuchambua.