Ruhusa ya Kubadilisha Ziwa

Ziwa langu la kushoto nililiacha hospitali ya misheni kule Mbulu, nikapewa la mpira lililokuja kwenye boksi la msaada. Aliyelitengeneza alikuwa amemfikiria mwanamke mwingine, aliyeshiba kuliko mimi. Nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la ngano la serikali, Hanang, na kila nilipoinama kusoma kilo, ziwa lilitangulia. Nilivaa sweta hata kwenye jua la kuvuna. Madereva wa matrekta walidhani nimenenepa upande mmoja, nami sikuwasahihisha.

Mwaka wa pili sista wa hospitali alinitumia ujumbe: madogo yamefika, njoo ubadilishiwe kabla ya Jumamosi, hayawatoshi wote. Nikakaa kuandika barua ya ruhusa. Neno titi lisingepita ofisini salama, wangelicheka mpaka gereji. Kwa hiyo niliandika kwa heshima: "Naomba ruhusa ya kubadilisha ziwa, kwa kuwa la sasa ni kubwa mno na linanichosha. Nitashukuru nikipatiwa dogo." Niliisoma mara mbili, nikaiona nzuri.

Jibu lilikuja na muhuri. Ombi langu la uhamisho lilikuwa limekubaliwa. Shamba letu lilikuwa kando ya ziwa kubwa, basi nilipangiwa shamba lenye ziwa dogo, na lori la kubeba vyombo vyangu lingefika keshokutwa.

Niliogopa kweli. Nikipanda lori lile, ziwa dogo atapewa mwingine, na mimi nitabaki na sweta mpaka nizeeke. Nikaenda kwa afisa utumishi, mtu mzima wa kwetu Nangwa. Makarani wawili walikuwa wanapiga taipu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Umefurahi? Kule hata mbu ni wachache."

"Sikuomba kuhama."

"Si umeandika ziwa?"

"Ndiyo. La mwilini."

"Mwilini mwa nani?"

Hasira ikanipanda. Niligeukia ukutani, nikaingiza mkono ndani ya sweta, nikalitoa lile la mpira, nikaliweka juu ya faili lake.

"Hili."

Taipu zikanyamaza. Nikajikaza kusubiri kicheko. Yeye akawaambia makarani watoke nje, akafunga mlango, akaligusa kwa kidole kimoja.

"Ukipewa dogo, hili watalifanyia nini?"

"Sijui."

Alitazama dirishani.

"Mama watoto wangu anaweka soksi," alisema.

Nikavuta kiti nikakaa bila kukaribishwa. Miaka miwili nilikuwa nimejiona niko peke yangu Hanang nzima, na huyo mama tulikuwa tukisalimiana dukani kila wiki. Aibu yote iliniisha, nikabaki na uchungu.

"Alikatwa la upande gani?"

"Kushoto."

"Futa lile lori, halafu mwambie ajiandae, tunaondoka kesho na basi la asubuhi. Nikivua mimi, avae yeye."