Ulimi wa Kuazima

Mpaka siku zake za mwisho, Kabugho alionja udongo. Alimega kipande kidogo kama punje ya mahindi, akakiweka ulimini, akafumba macho, akakisaga taratibu kwa meno ya mbele, kisha akatema pembeni, kwenye shina la mgomba uleule. Alifanya hivyo tangu usichana wake huko Kyarumba, mama yake alipomfundisha kufinyanga. Alifanya hivyo hata miaka miwili ya mwisho, ambapo ulimi wake haukuhisi tena kitu.

Hilo la mwisho alilijua Ramula peke yake.

Ramula alikuwa na duka la vitenge na sufuria Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani. Mumewe, Muzamiru, aliendesha lori, na kila Alhamisi Ramula alipanda naye mpaka Kasese, wakashuka Nyamwamba nyumbani kwa Kabugho kuchukua vyungu vya kwenda kuuza. Karakana ilikuwa baraza ya nyuma tu: bati, meza ya mbao, beseni la udongo, na kamba iliyoanikwa majani kama nguo. Kabugho hakuwa mchoraji. Alichotaka kionekane kwenye chungu alikifuata chenyewe kilipo: kangaga la kando ya mto, lenye meno kama kitana, jani la mkahawa, unyoya wa kanga, gamba la konokono. Jani alilitandika juu ya udongo mbichi, akalipitishia chupa, akaliacha humohumo. Motoni liliungua, likabaki umbo lake, hadi mishipa midogo kabisa.

"Mungu ameshachora," alikuwa akisema. "Mimi napiga muhuri tu."

Kisha asubuhi moja upande wa kushoto wa uso wake ulilegea. Mkono ulirudi, mguu ulirudi, maneno yakarudi. Ulimi ulibaki umekufa ganzi. Mtu mwingine angepoteza ladha ya chai na basi. Lakini udongo aliouzoea Kabugho ulikuwa umefukiwa na mchanga mto ulipofurika, na sasa aliletewa wa Mubuku, unaochimbwa kando ya mifereji ya mashamba. Ulikuwa laini, mtiifu, ila mara nyingine ulikuja na chembe za chokaa ndogo kuliko ulezi. Jicho halizioni, kidole hakizitambui. Ulimi tu ndio unaozikamata, meno yakishazisaga. Chembe hizo hutoka motoni kimya. Baada ya siku kadhaa hunywa unyevu, huvimba, na kukitumbua chungu kutoka ndani.

"Hajati," Kabugho alimwita siku moja, ingawa Ramula alikuwa hajawahi kufika Maka wala Kampala. "Kuja. Fungua kinywa."

"Unataka kuning'oa jino, mama?"

"Onja hii. Uniambie iko na michanga ao hapana."

"Mimi nile matope?"

"Kila mutoto alikula. Wewe ulizaliwa mukubwa?"

Ramula alionja, akatema, akacheka. Hapo ndipo alipoona kwamba mwenzake hacheki. Tangu siku hiyo ikawa desturi yao. Kabugho alionja kwanza kwa mazoea, halafu Ramula akaonja kwa kweli. Akikunja uso, beseni zima lilimwagwa.

"Asijue mutu," Kabugho alimwambia. "Siku chungu yangu itaharibikia mu nyumba ya mutu, sifinyangi tena. Mama yangu alituapisha hivyo."

Ikaingia Ramadhani. Alhamisi ya kwanza kulikuwa na kazi kubwa: Eseza, mwenye nyumba mpya ya wageni pale Bwera, alitaka vyungu ishirini vya maua kwa ajili ya madirisha, na alitaka kufungua Idi Mosi. Udongo ulikuwa umefika asubuhi. Kabugho alionja, akatema, akageuka kuanua makangaga kambani.

"Namna gani, Hajati?"

Ramula alikuwa na kipande kwenye ncha ya kidole. Ilikuwa saa saba mchana, kinywa kikavu, na nje Muzamiru alikuwa akipiga honi. Hakujua kama udongo huhesabiwa kuwa chakula. Hakuwahi kumsikia shehe akiuzungumzia. Angeweza kusema, mama, nimefunga. Kazi ingengoja mpaka mfungo uishe, na Idi isingengoja. Akakipaka kile kipande kwenye ukingo wa meza.

"Iko sawa, mama," akasema.

Vyungu vilichomwa kwa kuni na maganda ya kahawa. Vilitoka vyekundu, kila kimoja na kangaga lake limejikunja shingoni, na wote waliopita walisema Kabugho hajawahi kutoa vizuri kama hivyo. Idi ikaja, ikapita. Mvua ikashika wiki nzima. Ndipo Eseza akapiga simu.

"Hajati, kuja uone maajabu. Vyungu vyako vimeota ndui."

Ramula alikwenda kwa miguu. Alisimama kwenye ukumbi wa Eseza akitazama madirisha. Kila chungu kilikuwa na vishimo, na katikati ya kila kishimo nukta nyeupe. Kimoja kilitumbuka mbele ya macho yake, ta!, kigae kidogo kikaanguka sakafuni, na kangaga likabaki bila ncha. Eseza alikuwa akisema mengi. Ramula aliyasikia kama redio ya jirani. Aliona tu kwamba sakafu imepigwa deki na kwamba mahali fulani maharage yanaungua.

Alhamisi alikipakata chungu kimoja ndani ya lori mpaka Nyamwamba. Njia nzima alipanga maneno. Kabugho alikipokea, akaingiza kidole gumba kwenye kishimo.

"Chokaa."

"Ndiyo, mama."

Kabugho alinawa mikono, akaifuta polepole, kidole kwa kidole. Akaanua majani yote kambani. Kisha akalifudikiza beseni. Ramula alimsaidia kukunja gunia la kufunikia udongo. Walishika kila mmoja pembe zake, wakakutana katikati kama watu wanaokunja shuka, wakaachana. Hakuna aliyelia.

Alhamisi tatu zikapita. Ramula alikuja bila sababu, akamkuta barazani akimenya maharage, beseni limelala kifudifudi. Majirani wakiuliza, Kabugho aliwajibu neno moja: "Mikono yangu imekufa." Aliitazama wakati akisema, kama vitu vya mtu mwingine vilivyosahauliwa kwake. Na kila alipolisema hilo Ramula alikaa palepale, akanywa chai aliyopewa, akapanda lori, akarudi Bwera. Usingizi ulikuja kama kawaida. Hilo ndilo lililomshangaza.

Alhamisi ya nne Kabugho alikuwa amebakiza siku tisa za kuishi, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Ramula hakuketi.

"Mama, si mikono yako. Ile siku sikuonja. Nilikuwa nimefunga."

Kabugho alipasua ganda, akaangusha maharage kwenye ungo.

"Najua."

"Unajua?"

"Mutu mwenye ameonja udongo anatema. Wewe haukutema."

Ramula alisogea mbele ya ungo. "Sasa kwa nini ulivifinyanga? Kwa nini ulivichoma?"

"Nilisema labda mikono itanijulisha." Ganda jingine likapasuka. "Ilikaa miaka makumi ine mu udongo. Nilisema haiwezi kukosa kujua." Akatikisa ungo, akapuliza makapi. "Haikunijulisha kitu."

"Nisamehe, mama."

Kabugho aliokota punje iliyoangukia nje ya ungo. Nje honi ililia mara moja, ikalia tena.

"Enda, muzee wako ataamusha kijiji."

Ramula alifika kwenye kona ya nyumba, akageuka. Kabugho alikuwa ameweka ungo chini na kuinuka. Alilipindua beseni likatazama juu. Ukingoni palikuwa na udongo uliokauka; akaukwangua kwa ukucha, akauweka ulimini, akafumba macho. Alisaga kwa muda mrefu. Kisha akatema pembeni, kwenye shina la mgomba, na alipofumbua macho akamwona Ramula bado amesimama.

"Ramadhani ingine, Hajati," akasema, "utalala hapa kwangu. Futuru kwanza, ndiyo uonje."