Raundi Sita za Rugemalira

Rugemalira wa Buganguzi alipima kahawa za watu kwa miaka ishirini na mitatu, na hakuna mkulima aliyewahi kumwambia kwamba mizani yake inapunja. Ndiyo maana wacheza gofu wa kwenye simu walipogombana walimkimbilia yeye. Walikuwa thelathini na wawili, kutoka Bukoba mjini mpaka Kagoma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga uwanja wa gofu wenyewe. Lakini kwenye simu, e bwana, walikuwa mabingwa.

Mchujo wa kupanga madaraja wa mwaka uliotangulia ulikuwa wa aibu. Kila aliyekosa siku yake alileta udhuru, akarudishiwa. Dastan alimzika shangazi yule yule mara mbili.

"Shangazi wa Dastan hafi, anafanya mazoezi," aliandika Rohit, mwenye duka la vitambaa Bukoba, kwenye kundi lao la simu. Watu wakacheka, kisha wakatukanana.

Basi Rugemalira akatunga utaratibu. Alikaa nao wiki tatu, kalamu sikioni, mpaka mkewe akamwuliza kama anaandika wosia. Jumatatu hadi Jumamosi, raundi moja kila siku, uwanja mmoja na upepo mmoja kwa wote. Katika sita, mbili mbovu zinatupwa, kama unavyochambua buni, nne zinajumlishwa. Wanane wenye mapigo machache wanaingia Daraja la Kwanza, lile linalocheza na watu wa Kampala na Mwanza. Siku usiyocheza unaandikiwa mapigo mia, na udhuru hausikilizwi. Zile mbili za kutupwa alizihesabu hivi: moja ya mtandao kukatika, moja ya msiba. Wote wakaafiki, hata Dastan.

Hakuna aliyelitamani daraja hilo kama Klaudia wa Izigo. Mguu wake ulivunjika akiwa msichana, ukaunga vibaya, na kijijini walimwita kiwete mbele ya wageni. Kwenye gofu hakuna aliyemwona akichechemea. Mwaka jana alikosa kwa pigo moja. Jumatatu hii alicheza, akawapita wote. Jioni ile mama yake akafariki.

Na msiba wa huku si wa siku moja. Rugemalira alilijua hilo tangu utoto, sijui akili yake ilikuwa wapi. Kwa kina Klaudia wafiwa hukaa kwenye nyasi zilizotandazwa mpaka siku ya nne baada ya kuzika, na mtu hagusi jembe wala mchezo.

Jumatano alikwenda Izigo na mkungu wa ndizi kichwani. Akamvuta Klaudia pembeni.

"Pole, mwanangu. Pita nyuma ya nyumba, dakika kumi tu. Nani atakuona?"

"Tata, mama yangu hajazikwa. Nikacheze gofu?"

"Usipocheza unashuka."

"Si wewe ndiye unayeandika? Andika kwamba nilifiwa."

Rugemalira akaanza kumweleza kanuni ya mapigo mia, Klaudia akamkatiza.

"Waitu, mzee wangu, umekuja kunifariji au kunipima?"

Jumamosi jioni Rohit alipiga simu. "Mzee, mrudishie huyo dada siku zake. Mama yake amekufa kweli, wote tunajua."

"Kwa Dastan nako tulijua ni uongo, tukafanya nini? Nikifungua mlango huu, mwakani Muleba nzima itakufa wiki ya mchujo."

Rohit alicheka kidogo. "Kwa hiyo mwongo ametunyang'anya hata misiba ya kweli."

"Ndivyo."

Akatuma orodha. Klaudia alikuwa wa mwisho, Daraja la Tatu. Dastan, ambaye safari hii hakuzika mtu, alikuwa wa nane. Haikupita saa moja, Klaudia akajitoa kwenye kundi. Rugemalira alimpigia mara tatu, simu ilikuwa imezimwa.

Akachukua karatasi. Akajaribu raundi nane, akajaribu kumi, akajaribu kumi na mbili. Kila siku aliyomwongezea mfiwa, mwongo naye aliipata. Akaikunja, akaiweka. Kwenye kundi walikuwa wakimpongeza Dastan.